Kabla ya Kumwacha Mtoto Chekechea

Mzazi anayetafuta chekechea Kitale au Bungoma huuliza karo, uji na saa ya kumchukua mtoto. Auliza pia hili: mwalimu ana nambari ya usajili ya TSC?

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa kaunti elimu ya chekechea pamoja na vituo vya kulelea watoto. Ndiyo maana walimu wa chekechea za umma huajiriwa na kaunti ya Trans Nzoia au ya Bungoma. Hata hivyo, usajili wao umebaki kwa Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC), ambayo haiwalipi mshahara. Wengi huchanganya mambo haya mawili. Mtaala wa PP1 na PP2 nao hutoka kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD). Enzi za KIE, taasisi hiyo ndiyo iliyokuwa makao ya NACECE, kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo kilichoanzishwa mwaka 1984.

PP1 huanza mtoto akiwa na miaka 4. Huyu wa mwaka mmoja, ambaye mamake anauza mboga sokoni, hana mtaala wala mwalimu wa TSC. Ana mlezi tu. Kwa hivyo usiishie mlangoni. Ingia, hesabu watoto na walezi, tazama jiko liko wapi, wanalala wapi.

Mashaka kuhusu kituo yapeleke ofisi ya elimu ya kaunti. Mtoto akidhulumiwa, piga 116, bila malipo.