Vikombe Vitatu Mezani: Vidokezo 9 vya Kuonja na Kulinganisha Chai Nyumbani

Asubuhi chai, saa nne chai, jioni chai, na mgeni akibisha hodi tunainjika nyingine. Tena tunaishi palepale inapolimwa: Kericho, Limuru, Mufindi, Tukuyu, Lushoto, Bukoba, Fort Portal, hadi milima ya Rwanda na Burundi. Lakini hebu muulize mtu chai yake ina ladha gani. Wengi watakujibu, "Ya tangawizi." Haya, msomaji, wikendi hii tuijue chai yenyewe! Huhitaji vyombo vya gharama wala asubuhi nzima. Kinachohitajika ni vikombe kukaa pamoja mezani, kwa sababu chai ya leo huwezi kuilinganisha vizuri na ya juzi unayoikumbuka kichwani. Ziweke ubavu kwa ubavu, na utashangaa jinsi zinavyotofautiana.

1. Paketi tatu zinatosha

Usibebe rafu nzima. Chukua chai unayokunywa kila siku, nyingine kutoka eneo tofauti, na ya tatu iwe ya aina nyingine kabisa, kwa mfano ya kijani. Tafuta paketi ndogo, kisha geuza nyuma usome inakotoka. Nyingi ni mchanganyiko wa viwanda kadhaa, ila zipo zinazotaja shamba au eneo moja, na hizo ndizo tamu kulinganisha. Una ndugu anayepita Kericho au Njombe? Muagize! Ukifika nyumbani zitie kwenye makopo yenye vifuniko vya kubana, mbali na vitunguu, sabuni na karafuu. Majani ya chai hunyonya harufu upesi mno.

2. Sukari na maziwa vikae pembeni kidogo

Dakika kumi tu, nakuomba! Sukari huficha uchungu, maziwa hupunguza ukakasi, na tangawizi hufunika vyote viwili. Onja chai ya rangi tupu, au strungi kama uko Nairobi. Kati ya kikombe na kikombe, tafuna kipande cha mkate mkavu na usukutue kwa maji ya vuguvugu. Na ile achari ya mchana? Isubiri zamu yake.

3. Pima kama wanavyopima wajuzi

Mwaka 1980 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa utaratibu namba 3103 wa kuandaa chai ya kuonja: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, ifunikwe, ikae dakika 6. Waingereza nao walikuwa na waraka wao wa kurasa sita juu ya jambo hilohilo, na mwaka 1999 ukawapatia Ig Nobel, ile tuzo inayochekesha watu kwanza kisha ikawafikirisha. Cheka nawe, halafu uige, maana kipimo hicho kinafanya kazi.

Kwa jikoni kwako, kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu hubeba takriban gramu 2 za chai ya punje ndogo, na mililita 100 ni kama nusu ya kikombe cha kawaida. Funika kwa kisahani. Dakika zihesabiwe na simu. Ujanja mmoja zaidi: anza kumimina maji kikombe cha kushoto kwenda kulia, na wakati wa kuchuja fuata mpangilio uleule, ili pasiwe na kikombe kilichokaa muda mrefu kuliko kingine. Ukiona kali mno, punguza majani, lakini punguza kwenye vikombe vyote.

4. Usiilaumu chai kabla ya kuyajua maji

Maji ya kisima yenye chokaa nyingi, yale tunayoyajua sana pwani, huacha utando wa kung'aa juu ya chai na kuifanya rangi iwe nzito isiyo na uhai. Watu hutupa paketi nzima wakidhani ni mbovu! Kwa hiyo shindano lako la kwanza kabisa linaweza kuwa la maji: chai moja, vikombe viwili, kimoja maji ya bomba au kisima, kingine maji ya chupa. Tazama juu ya kila kikombe kwenye mwanga wa dirisha baada ya dakika kadhaa. Tofauti ikiwa kubwa, umeshapata dawa ya chai yako bila kubadili majani.

Mwinuko nao una neno. Dar es Salaam na Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi joto 100, Nairobi kwenye 95 hivi, na Limuru chini zaidi. Ukiishi nyanda za juu, pasha vikombe kwa maji moto kwanza na uiache chai dakika moja zaidi. Na popote ulipo, tumia maji yaliyochemka sasa hivi, siyo yale ya chupa ya chai tangu alfajiri.

5. Mwaga kijiko kimoja kwenye sahani nyeupe

Hapa ndipo panaponoga. Kabla ya kuweka maji, mwaga kijiko cha kila chai kavu kwenye sahani nyeupe na uinamie karibu. Chai nyingi za kwetu ni punje ndogo za duara, nyeusi zenye ukahawia. Zimepitishwa kati ya rola zenye meno zinazosaga, kuchana na kukunja jani kwa pamoja, mtindo wa CTC uliobuniwa Assam, India, miaka ya 1930. Baadaye chekeche huzipanga kwa ukubwa: BP1 ndizo kubwa, hufuata PF1, kisha PD, na D1 ambayo ni ndogo zaidi. Ukiona herufi hizo kwenye gunia au paketi, sasa unajua zinasema nini.

Punje ikiwa ndogo, rangi hutoka haraka. Ndiyo maana chai ya unga hupaka sufuria nzima ya maziwa kwa vijiko viwili tu, na mama ntilie wanaipenda. Majani marefu yaliyosokotwa bila kusagwa hutoa rangi polepole, lakini harufu yake ni tulivu na ina mambo mengi. Herufi hizo ni za ukubwa wa punje, kwa hiyo usimdharau mdogo: D1 ya kiwanda kizuri huishinda BP1 ya kiwanda kizembe. Tafuta pia nyuzinyuzi za kahawia. Hizo ni vikonyo, na zikijaa ladha hupungua. Una chai ya vifuko? Kata kimoja kwa mkasi, mwaga kwenye sahani hiyohiyo, ulinganishe.

6. Nusa, kisha vuta kwa kelele bila aibu

Ukishachuja, usitupe makapi. Yapindue kwenye kisahani yakiwa bado ya moto na uyanuse kwa karibu, kwani harufu iko wazi zaidi hapo kuliko kikombeni. Kwa chai nyeusi, makapi yenye rangi ya shaba inayong'aa ni ishara njema. Yakiwa meusi na yaliyofifia, usitarajie mengi.

Sasa chota kwa kijiko na uvute chai pamoja na hewa, kwa nguvu, isikike! Hewa hutawanya chai mdomoni kote na kupandisha harufu puani kwa njia ya kooni. Mombasa, kwenye mnada mkubwa unaouza chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Tanzania na majirani wengine, waonjaji huvuta hivyo kikombe baada ya kikombe na kutema kila funda. Bibi aliyekukataza kelele mezani atakusamehe kwa leo.

7. Daftari, alama, na subira kidogo

Mistari minne kwa kila chai: rangi, harufu, uchungu, ukakasi. Ukakasi ni ule wa ndizi mbichi, unaokausha mdomo. Toa alama 1 hadi 5, basi. Kisha acha vikombe vipoe, maana kuna tamasha dogo linakuja: chai kali ya ubora mzuri ikipoa huweka ukungu, kana kwamba mtu amedondoshea maziwa. Haijaharibika! Kafeini na tanini zimeshikana tu. Ongeza maji ya moto uone inavyotakata tena.

8. Kijani na zambarau zina masharti yake

Chai ya kijani ukiimwagia maji yanayotokota itakununia kwa uchungu. Huna kipimajoto? Changanya sehemu tatu za maji yanayochemka na sehemu moja ya maji ya kawaida, utakaribia nyuzi 80. Dakika 2 zinatosha.

Ukiipata chai ya zambarau, ile ya mchai wa TRFK 306 uliotolewa na watafiti wa Kenya mwaka 2011, ita watoto jikoni. Kamulia matone ya ndimu kwenye ile iliyokaushwa mtindo wa kijani, uone inavyogeukia rangi ya waridi. Fanya vivyo hivyo kwa chai nyeusi nayo itapauka tu. Asidi ni ileile, rangi za jani ndizo tofauti.

9. Maziwa yarudi, na mchezo uanze

Tia kijiko kilekile cha maziwa kwenye kila chai nyeusi. Yenye nguvu itang'aa rangi ya chungwa, na dhaifu itageuka ya kijivujivu. Protini za maziwa zitakuwa zimeshika tanini, kwa hiyo ile iliyokukausha mdomo mwanzo huenda ndiyo ikawa bingwa sasa. Kama chai yako ya kila siku ni ya maziwa, alama za raundi hii ndizo za kuzisikiliza.

Halafu geuka ukutani. Muombe mtu ajaze vikombe vitatu, viwili vya chai moja na cha tatu ya chai nyingine, na wewe umtafute mgeni. Maabara za vyakula hutumia jaribio hilihili. Kwa kubahatisha tu unapata mara moja katika tatu, kwa hiyo rudieni raundi tano, mpokezane na watoto, shemeji, jirani. Ukimpata mgeni mara nne au zote tano, ulimi wako uko macho: nunua uliyoipenda. Usipompata, chukua ile ya bei nafuu kwa moyo mkunjufu, na chenji inayobaki nunulia maandazi.