Kiwango cha Maisha Hupimwaje? Somo la Ufaransa na Mayotte kwa Wahudumu wa Afya wa Mwakitolyo

Mchimbaji anayefika zahanati na kikohozi cha miezi miwili huulizwa umri wake, kazi yake, na dawa alizokwisha kutumia. Ni nadra kuulizwa maji ya nyumbani kwake hutoka wapi, au chumba anacholala hulala watu wangapi. Pengine mhudumu huona kwamba hayo ni maswali ya makarani wa sensa. Makala haya yanashikilia kuwa maswali hayo ni sehemu ya uchunguzi wa mgonjwa. Ili kulionyesha hilo yanaanzia mbali kidogo na Shinyanga, katika kisiwa cha Bahari ya Hindi ambacho kisheria ni Ulaya.

Kisiwa kimoja, mizani mbili

Visiwa vya Komoro ni vinne: Ngazija, Nzuani, Mwali na Maore, ambacho ramani nyingi hukiita Mayotte. Ufaransa ilikipata Mayotte kwa mkataba wa mwaka 1841. Katika kura ya Desemba 1974 visiwa vitatu vilichagua uhuru, lakini wengi wa watu wa Mayotte waliukataa. Komoro ikajitangazia uhuru Julai 1975, na Mayotte ikabaki na Ufaransa, jambo ambalo serikali ya Komoro haijalikubali hadi leo. Baada ya kura ya mwaka 2009, kisiwa kilifanywa mkoa kamili wa Ufaransa mwezi Machi 2011, na tangu 2014 kinahesabiwa kuwa sehemu ya Umoja wa Ulaya. Bendera, sarafu na wizara ya afya ni zile zile za Paris. Lugha ya wenyeji wengi, Kimaore, ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, na Mswahili akisikiliza kwa makini katika soko la Mamoudzou atatambua baadhi ya maneno.

Kwa kuwa nchi ni moja, idara ya takwimu ya Ufaransa hupima umaskini wa pande zote mbili kwa mizani moja. Huanza na kipato cha kati, yaani kipato cha mtu aliye katikati kabisa ya safu endapo watu wote watapangwa kuanzia mwenye kidogo hadi mwenye kingi. Anayepata chini ya asilimia 60 ya kipato hicho cha kati huhesabiwa kuwa maskini. Katika utafiti wa mwaka 2018, mstari huo uliwekwa kwenye euro 959 kwa mwezi. Kwa kipimo hicho, asilimia 77 ya wakazi wa Mayotte walikuwa maskini, ilhali Ufaransa bara walikuwa asilimia 14 tu. Kipato cha kati kisiwani kilikuwa euro 260 hivi kwa mwezi.

Hapa msomaji na asimame kidogo. Kama kisiwa kingepimwa kwa kipato chake chenyewe, asilimia 60 ya euro 260 ni euro 156. Mvuvi anayepata euro 200 angekuwa maskini akiwekwa kando ya mtu wa Paris, na asingekuwa maskini akiwekwa kando ya jirani zake. Hakuna hesabu inayodanganya kati ya hizo mbili. Ya kwanza inaonyesha umbali wake na wananchi wenzake, ya pili inaonyesha nafasi yake mtaani. Lakini anaponunua kuku wa barafu dukani, aliyeletwa kwa meli, hulipa bei inayozidi ile ya Ufaransa bara, ingawa kima cha chini cha mshahara kisiwani ni kidogo zaidi na posho ya serikali kwa wasio na kipato ni nusu tu ya ile ya bara.

Maji, bati na wali mweupe

Fedha ni njia moja tu ya kupima maisha, na kwa mtu wa afya si njia bora. Sensa ya mwaka 2017 huko Mayotte ilihesabu kwamba nyumba karibu nne katika kila kumi zilikuwa vibanda vya mabati, na takriban tatu katika kila kumi hazikuwa na maji ya bomba ndani. Mwaka 2023, mvua zilipokosekana na mabwawa yakapungua, mgawo wa maji ulikazwa hata bomba likawa linatoka siku moja katika kila tatu. Mwaka uliofuata, mwezi Aprili, kipindupindu kilianza kuambukizana ndani ya kisiwa, katika mitaa ya Koungou ambako watu walichota maji mtoni. Desemba 2024 kimbunga Chido kikabomoa mitaa mizima ya mabati kwa saa chache.

Kisa kinachostahili kukumbukwa zaidi na wahudumu wa mama na mtoto ni cha mwaka 2004, nacho hutajwa mara chache. Watoto wachanga wa Mayotte, waliozaliwa na uzito wa kawaida na kunyonyeshwa vizuri, walianza kutapika, kupumua kwa shida na kufa kwa moyo kushindwa kazi. Uchunguzi ulionyesha beriberi, ugonjwa wa upungufu wa vitamini B1. Mama zao walikuwa na upungufu huo, na maziwa yao hayakuweza kutoa kile ambacho mwili haukuwa nacho. Anayekula wali mweupe uliokobolewa, siku baada ya siku, na mboga na nafaka nyingine zikawa haba, hushiba bila kupata vitamini hiyo. Beriberi ilikuwa ikisomwa vitabuni kama ugonjwa wa karne zilizopita, na ikazuka katika ardhi ya mojawapo ya nchi tajiri duniani. Takwimu za wastani za Ufaransa zisingeweza kuitabiri. Swali moja kuhusu chakula cha mama lingeweza.

Hata hivyo picha hii ina upande wa pili. Hospitali ya Mamoudzou huzalisha watoto wapatao 10,000 kwa mwaka, wengi kuliko hospitali nyingine yoyote ya Ufaransa. Vifo vya watoto chini ya mwaka mmoja kisiwani hukaribia 10 kwa kila 1,000 wanaozaliwa hai, zaidi ya mara mbili ya Ufaransa bara, lakini ni vichache mno vikilinganishwa na vya nchi jirani. Tanzania, kwa mujibu wa utafiti wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2022, ina vifo 33 kwa kila 1,000. Kwa hiyo kisiwa kile kile ni duni kikitazamwa kutoka Marseille na ni kimbilio kikitazamwa kutoka Nzuani, umbali wa kilomita 70 hivi. Ndiyo sababu wajawazito na wagonjwa huvuka bahari kwa mashua ndogo, na kwa kuwa tangu 1995 Mkomoro hutakiwa kuwa na viza, wengi huvuka usiku, na wengi wamezama. Mfumo wa Ufaransa wa kuwatibu wahamiaji wasio na hati, unaotumika bara, hautumiki Mayotte. Hospitali ipo, daktari yupo, lakini anayeogopa kukamatwa njiani huchelewa kufika.

Wastani wa dhahabu

Mwakitolyo haina uhusiano wowote na Mayotte, ila huu: zote mbili huonekana tajiri kwenye karatasi ya mtu aliye mbali. Kata iliyo juu ya mwamba wa dhahabu, katika ukanda unaokwenda hadi Bulyanhulu na Geita, mtu hudhani haina maskini.

Tanzania haitumii mstari wa umaskini kama wa Ufaransa. Hutumia mstari wa mahitaji ya msingi: gharama ya chakula cha kutosha na vitu vichache visivyoepukika. Utafiti wa bajeti ya kaya wa 2017/18 uliuweka kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na ukakuta asilimia 26.4 ya Watanzania wako chini yake. Sasa na achukuliwe mchimbaji wa kubuni, mwenye mke na watoto watatu, anayefanya kazi ya mgawo katika duara. Duara likitoa, kwa wiki moja hupata fedha za kuivusha familia yake juu ya mstari huo kwa miezi kadhaa. Kisha duara halitoi kitu kwa miezi minne. Akihojiwa katika wiki ya neema, ni mtu wa uwezo. Akihojiwa katika mwezi wa tatu wa ukame, ni fukara. Kipato chake cha mwaka kikigawanywa kwa kumi na mbili, hupatikana mwezi ambao hajawahi kuuishi.

Mtoto wake naye hali wastani. Utapiamlo wa muda mrefu hujiandika kwenye urefu wa mtoto, na utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa familia ya machimbo, ubao wa kupimia urefu kliniki husema kweli zaidi kuliko baba anapoulizwa kipato, kwa sababu hukumbuka miezi yote.

Maji nayo yana kipimo kinachofaa zahanati. Shirika la Afya Duniani na UNICEF huhesabu kuwa kaya ina huduma ya msingi ya maji ikiwa chanzo ni kilichoboreshwa na safari ya kwenda, kungoja zamu na kurudi haizidi dakika 30. Bomba la Ziwa Victoria kutoka Ihelele limefika miji ya Shinyanga na Kahama, lakini makazi ya wachimbaji huzuka kwa miezi ilhali bomba hujengwa kwa miaka. Mama anayenunua maji kwa dumu huyapunguza kwanza yale ya kunawia mikono. Mtoto wake akiletwa na kuhara kwa mara ya tatu, dawa ya chumvichumvi na zinki ni lazima, lakini bei ya dumu inafaa iandikwe kwenye faili pia.

Kinachovutwa kwa pumzi

Kuna madhara ya machimbo ambayo hakuna kipimo cha umaskini kinachoyagusa. Vumbi la mwamba unaochorongwa au kusagwa kwenye karasha lina silika, na chembe zake ndogo hufika ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba ya kuuondoa, na huongeza sana hatari ya kupata kifua kikuu. Tatizo la mhudumu ni kwamba kikohozi, kukonda na picha ya eksirei vinaweza kufanana katika magonjwa yote mawili. Mgonjwa aliyekwisha kumaliza dawa za kifua kikuu mara mbili bila vimelea kuthibitishwa kwenye makohozi, naye amefanya kazi ya karasha miaka kumi, asianzishiwe dawa mara ya tatu kwa mazoea. Apelekwe hospitali ya rufaa na historia ya kazi yake iandikwe kwenye barua. Kinyume chake ni kosa vilevile: mwenye silikosisi anayeanza kutoka jasho usiku apimwe makohozi upya.

Kitambaa kinachofungwa puani hakizuii chembe hizo ndogo. Kumwagia mwamba maji wakati wa kuchoronga na kusaga hupunguza vumbi zaidi, pale ambapo maji yapo, na hapo swali la maji linarudi kwa mlango mwingine.

Zebaki ni jambo la nyumbani zaidi. Dhahabu iliyoshikwa na zebaki ikichomwa kwenye jiko la mkaa, mvuke usioonekana huvutwa na wote waliomo, hushika kwenye nguo na kuta, na humdhuru zaidi mtoto aliye tumboni. Kutetemeka mikono, kusahau na kukosa usingizi si lazima viwe uchovu wa kazi. Uchomaji ufanyike nje, mbali na wajawazito na watoto, na kwa chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke. Mjamzito anayehudhuria kliniki aulizwe kama kuna mtu anayechoma dhahabu nyumbani; akiulizwa tu kama yeye mwenyewe ni mchimbaji, atajibu hapana, na atakuwa amesema kweli.

Mgonjwa wa kikohozi cha miezi miwili, basi, huongezewa maswali yasiyozidi dakika tatu: amefanya kazi gani duarani na kwa miaka mingapi, maji hutoka wapi na kwa bei gani, dhahabu huchomewa wapi, familia hula nini duara lisipotoa, na nani hulala naye chumba kimoja. Makohozi yapimwe siku hiyo hiyo; vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo. Vimelea vikionekana, watoto wanaolala chumba hicho waitwe wachunguzwe, na walio chini ya miaka mitano wasiokutwa na ugonjwa waanzishiwe dawa ya kinga kabla baba hajahamia duara jingine.