Ukuta wa Bahari Uwe Mrefu Kiasi Gani?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kweli tupu. Lakini hawakutuambia ukuta wenyewe uwe mrefu kiasi gani, na hilo ndilo swali linalowakosesha usingizi wakazi wa kando ya bahari. Ukuta mfupi maji yatauruka. Ukuta mrefu kupita kiasi utameza fedha za shule na zahanati. Swali hilo hujibiwa kwa hesabu ya uwezekano, ile ile ya Kidato cha Tatu ambayo wengi wetu huuliza ati itatusaidia nini maishani.

Hebu twende Uholanzi. Karibu robo ya nchi hiyo iko chini ya usawa wa bahari, nayo hukingwa na matuta. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, dhoruba ya Bahari ya Kaskazini ilikutana na maji ya bamvua. Matuta yakapasuka, na watu 1,836 wakafa katika Uholanzi peke yake.

Kabla ya msiba huo, desturi ilikuwa kutazama maji ya juu kabisa yaliyowahi kuonekana, kuongeza kidogo, kisha kujenga. Ila bahari haijaahidi mtu kwamba haitapanda zaidi. Mwezi huo huo serikali iliunda Tume ya Delta, na mwanahisabati David van Dantzig akatafuta kimo kinachofaa. Yeye aliligeuza swali: kila tukiongeza kimo tunatumia kiasi gani, na tunaokoa hasara gani?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mji mdogo wa ufuoni una hoteli na maduka, na mali inayoweza kuharibiwa na maji ni ya shilingi milioni 50. Bila ukuta, uwezekano wa kufurika katika mwaka wowote ni 1 kwa 20. Zidisha: hasara ya kutarajiwa ni milioni 2.5 kwa mwaka. Si kwamba hizo hupotea kila mwaka, la. Miaka mingine haipotei hata senti, na mwaka mmoja zinakwenda zote 50. Ni wastani. Sasa tujenge ukuta wa kimo cha mita moja kwa milioni 8, uwezekano ushuke hadi 1 kwa 100. Tunaokoa milioni 2 kwa mwaka, na ukuta ukidumu miaka 50, hizo ni milioni 100. Nani atakataa? Mita ya pili tuseme ni milioni 10, na inashusha uwezekano hadi 1 kwa 500. Inaokoa shilingi 400,000 kwa mwaka, yaani milioni 20 kwa jumla. Bado kuna faida. Mita ya tatu ni milioni 12, uwezekano 1 kwa 2,500, nayo inaokoa milioni 4 tu katika miaka yote 50. Hapo fundi anaweka mwiko chini.

Kumbe mambo hayajaisha. Shilingi ya mwaka wa 50 si sawa na ya leo, maana ya leo ingewekwa benki ikazaa. Tukitumia riba ya asilimia 5, zile 400,000 za kila mwaka zinalingana na milioni 7.3 za leo, na mita ya pili inakataliwa. Tukitumia asilimia 2, zinalingana na milioni 12.6, na mita ya pili inakubaliwa. (Anayependa hesabu ajaribu asilimia 3, mimi nimeona inaponea chupuchupu.) Kwa hiyo anayechagua riba ndiye anayechagua kimo cha ukuta, ingawa hajagusa hata jiwe.

Tena, "1 kwa 100" huwadanganya wengi. Hudhani mafuriko yakija leo tutapumzika miaka 99. Sivyo, kila mwaka kete hurushwa upya. Anayekaa hapo miaka 30 ana uwezekano wa 0.26 wa kufurika angalau mara moja, zaidi ya robo.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Jirani na mji ule tuweke kijiji cha wavuvi chenye ufuo wa urefu uleule: nyumba za udongo na makuti, mitumbwi, nyavu, vyote milioni 5. Mita ya kwanza itaokoa shilingi 200,000 kwa mwaka, na kwa riba ya asilimia 5 hizo hazifiki milioni 4 za leo. Ukuta wa milioni 8 haulipi. Hesabu haina kosa hata moja, nayo imeamua hoteli ikingwe na kijiji kiachwe, hata kama wanaolala kijijini ni wengi kuliko wageni wa hoteli.

Uholanzi yenyewe ililiona hili. Kwa vipimo vya Tume ya Delta, eneo la Holland lenye miji mikubwa lilikingwa dhidi ya maji yenye uwezekano wa 1 kwa 10,000 kwa mwaka. Zeeland ilipewa 1 kwa 4,000, ingawa ndio mkoa uliozika watu wengi zaidi 1953. Tangu 1 Januari 2017 sheria mpya huanza na mtu: kila anayeishi nyuma ya tuta, tajiri kwa maskini, uwezekano wake wa kufa kwa mafuriko usizidi 1 kwa 100,000 kwa mwaka ifikapo 2050. Hapo ndipo mali huongezwa kwenye mizani.

Matuta ya Kiholanzi hatuyawezi kwa gharama. Lakini hasara nayo yaweza kupunguzwa, si uwezekano peke yake. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami iliyoanzia Indonesia ilipovuka Bahari ya Hindi, habari zilitangulia mawimbi, watu wakaondolewa ufuoni Mombasa, na Kenya ikampoteza mtu mmoja. Somalia, isiyopata onyo, ilipoteza mamia. Ni kweli Somalia ilipigwa kwa nguvu zaidi, ila onyo nalo lilifanya kazi yake bila kuzuia hata tone la maji. King'ora, njia ya kukimbilia mahali pa juu, na mikoko isiyokatwa kuni: kijiji kile kikiwekewa hayo, wavuvi watabaki hai hata nyumba zikienda, kwa sehemu ndogo ya zile milioni 8.