Maandishi ya Chini ya Video

Safari hii tunaongea juu ya video. Hapa Kabianga tulionyesha kikundi video ya ugonjwa wa kiwele cha ng'ombe. Msemaji aliongea Kiingereza cha haraka. Watu waliona dawa ikitiwa ndani ya chuchu, wakatikisa kichwa, wakaenda nyumbani. Ambalo hawakusikia ni kwamba maziwa ya ng'ombe huyo yasiuzwe mpaka ziishe siku zilizoandikwa kwenye dawa. Mama mmoja alitibu ng'ombe wake Jumatatu, Jumanne akapeleka maziwa, na mtungi mzima ukarudishwa. Kosa lilikuwa letu sisi tulioonyesha.

Sasa tunatumia programu ya VLC. Ni ya bure, na hata kompyuta kuukuu huiweza. Fungua video ndani yake, kompyuta ikiwa imeshikana na intaneti. Ya simu yatosha, maana faili la maandishi ni dogo sana, halimalizi bando. Bonyeza neno View pale juu, halafu VLsub. Chagua lugha, tafuta kwa jina la video, chagua moja katika orodha, pakua. Maandishi yakitangulia maneno, bonyeza herufi H kuyachelewesha. Yakichelewa, bonyeza G.

Lakini tusidanganyane. Hiyo njia ni nzuri kwa sinema zinazojulikana. Video ya mkulima mara nyingi haina kitu huko, na Kiswahili ni haba. Basi tuliandika wenyewe, na si kazi ngumu. Fungua Notepad, uandike hivi:

1
00:02:10,000 --> 00:02:15,000
Maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa yasiuzwe.

2
00:02:16,000 --> 00:02:20,000
Soma siku kwenye karatasi ya dawa.

Ya kwanza ni namba. Ya pili ni saa, dakika na sekunde ambapo maneno yanatokea na kuondoka. Ya tatu ni maneno yenyewe, mafupi. Acha mstari mtupu kabla ya namba inayofuata. Video ikiitwa kiwele.mp4, maandishi yaitwe kiwele.srt, yakae folda moja. Hapa ndipo tulipokwama jioni nzima: Notepad huongeza .txt mwishoni kimyakimya. Wakati wa kuhifadhi, chagua All files kwanza.

Maneno ya dawa mpeni afisa wa mifugo ayasome kabla ya kuonyesha.

Na wasiojua kusoma je? Kijana mmoja asimame kando ya televisheni awasomee kwa Kipsigis, akisimamisha video kwa kubonyeza kitufe kirefu cha chini. DJ Afro amewazoeza Wakenya sinema yenye mtu wa kuisimulia, kwa hivyo hakuna aliyeshangaa. Kijana wetu tu tulimwomba apunguze mzaha. Tulipoionyesha mara ya pili, yule mama wa mtungi ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote, na lile la siku za dawa aliomba lirudiwe.