Kabla Hujampiga Kofi Huyo Mdudu

Mvua zikianza, taa ya barazani hugeuka ukumbi wa harusi: kila mwenye mbawa kaalikwa. Nawe mkono unakuwa mwepesi. Hebu ushushe kwanza.

1. Nairobi flai, mpulize. Ni yule mwembamba, milimita 7 hadi 10, mwekundu na mweusi kwa kupokezana, anayekimbia zaidi kuliko kuruka. Haumi wala hana mwiba. Sumu yake, pederini, imo mwilini mwake. Ukimponda shingoni unajipaka mwenyewe. Siku hiyo huoni kitu. Kesho au keshokutwa unaamka na mchirizi unaowaka, kisha malengelenge, na ofisini wanakuuliza nani kakumwagia chai. Alama ikitokea pande zote mbili za kiwiko, kama iliyopigwa chapa ulipokunja mkono, mshuku yeye. Umeshamponda? Osha hapohapo kwa sabuni na maji mengi, mikono pia, na macho usiyaguse. Jioni zima taa ya nje. Kabla ya kulala kung'uta shuka. Taulo nayo, maana hupenda kujificha humo.

2. Nyuki, harakisha. Mwiba hubaki na kifuko kinachoendelea kusukuma sumu, kwa hiyo uondoe kwa kucha au chochote kilicho karibu. Wanaobishana kuhusu mbinu wanapoteza sekunde. Kisha kimbilia ndani ya nyumba, kwa sababu harufu ya mwiba huwaita wenzake. Vua pete kabla kidole hakijavimba. Nyigu hakuachii mwiba. Anauhifadhi akuchome tena.

3. Hapa utani basi: midomo au ulimi ukivimba, pumzi ikiwa nzito, kizunguzungu au vipele vikienea mwili mzima, ni hospitali sasa hivi. Aliyechomwa na nyuki wengi naye apelekwe, hata akisema yuko sawa.

4. Muwasho wa kawaida hutulia kwa barafu iliyofungwa kitambaani, losheni ya kalamini, au kidonge cha mzio alichokushauri mfamasia. Dawa ya meno ibaki kwa meno, na mafuta ya taa kwenye kibatari.

5. Siafu hawasikii kukung'utwa. Taya zao hubana hata kichwa kikikatika. Toka kwanza kwenye msafara wao, vua suruali, uwachomoe mmoja mmoja. Majirani watacheka, wengi wao yamewahi kuwakuta.