Madumu Mangapi kwa Uniti Moja?

Wenzangu wa Elimu mtakaopangiwa fildi Singida na somo la fizikia, mtakutana na mada ya umeme wa maji. Kawaida mwanafunzi hukariri kanuni, mtihani ukapita, basi. Shida ni kwamba mkoa wenyewe ni mkame, mito mingi ni ya msimu, na mtoto anaona hiyo ni hesabu ya watu wengine. Si kweli. Mto Kizigo unapita wilaya ya Manyoni na maji yake yanaishia bwawa la Mtera. Tuanzie hapo.

Kanuni ni hii:

P = 1000 × 9.8 × Q × H × ufanisi

P ni nguvu ya umeme kwa wati. 1000 ni kilo za maji katika mita moja ya ujazo, na 9.8 ni mvutano wa dunia. Q ni mita za ujazo zinazopita kila sekunde. H ni kimo cha maporomoko kwa mita. Ufanisi tuchukue 0.9, maana nguvu nyingine hupotea kwenye mabomba na mashine.

Mtera ina megawati 80, na H ni kama mita 100. Kwa hiyo Q = 80,000,000 ÷ 882,000, karibu mita za ujazo 91 kwa sekunde. Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, ina megawati 180, ila maji huanguka kama mita 850. Q inatoka 24 tu! Maji karibu robo, umeme zaidi ya mara mbili.

Sasa ipeleke hesabu kisimani. Uniti moja ya LUKU ni jouli 3,600,000. Kihansi inahitaji madumu 24 ya lita 20 kuitoa. Mtera inahitaji 204. Na uniti hiyo huwasha taa ya wati 10 kwa saa 100. Anayebeba maji kichwani ataelewa.

Malizia kwa swali. Mtera ikijaa, maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kiwango cha chini cha kuzalisha umeme ni 690. Kizigo ikikauka, nini kinapungua? Wengi watajibu Q. Wasubiri waione na H: imeshuka mita 8.5, na uniti ileile sasa inataka madumu 223.