Anayekusaidia Asishike Mausi: Mafunzo Niliyopata kwa Kujifunza Kompyuta Ukubwani

Walimu wa rika langu tulihitimu chuo cha ualimu bila kugusa kompyuta, na wala halikuwa jambo la ajabu. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa, lakini sisi wa Bara hata kituo cha televisheni tulikuja kukipata mwaka 1994. Nilipoanza kazi, mitihani ilichapwa kwa taipureta juu ya stensili, ikazungushwa kwenye mashine ya kurudufu, na wino ukabaki vidoleni mpaka Jumapili. Alama tulijumlisha kwa peni.

Kisha mifumo ikaanza kuingia, mmoja baada ya mwingine: taarifa za wanafunzi, fedha za shule, maombi ya likizo kwenye ESS, mfumo wa watumishi wa umma, na baadaye PEPMIS ya kupima utendaji kazi, iliyochukua nafasi ya zile fomu za OPRAS tulizozoea kujaza kwa kalamu. Shuleni kwetu, hapa wilayani Muheza, aliyepelekwa semina alikuwa mwalimu mmoja. Sisi wengine tumefundishwa na watoto wetu, mashoga zetu na wanafunzi wetu wa zamani. Haya ndiyo niliyojifunza kwa njia hiyo, na mengine hayahusu kompyuta hata kidogo.

1. Anayekusaidia asishike mausi

Wa kwanza kunifundisha alikuwa mtoto wa kaka yangu, aliyesomea mambo haya Dar es Salaam na ndiyo kazi inayompa riziki. Alipokuja likizo akaniambia, "Shangazi, hilo jambo la dakika kumi tu." Akaketi mbele ya laptopu, mimi nikasimama nyuma ya bega lake. Madirisha yakafunguka na kufungika, vidole vikacheza, na kila baada ya muda ananiuliza, "Umeona, Shangazi?" Nami naitikia, nimeona. Na kweli nilikuwa nimeona: niliona kazi yangu ikimalizwa na mtu mwingine. Alipoondoka aliniachia laptopu safi, kila kitu mahali pake, nami sijui hata namna ya kulifungua faili alilonitengenezea.

Simlaumu kijana. Aliyebobea hazioni tena hatua anazopita. Chukua kubofya mara mbili. Kwake ni tendo moja. Kwa mtu aliyeanza akiwa na zaidi ya miaka hamsini ni matendo matatu: kulenga, kubofya upesi, na kuuzuia mkono usisogee katikati ya mbofyo na mbofyo. Ukisogea kidogo tu, faili linaburutwa pembeni badala ya kufunguka, na wewe unabaki kujiuliza umevunja nini.

Sasa nina sharti, na nalitamka kabla hatujaanza: anayenisaidia akae pembeni, mikono mapajani, aseme kwa mdomo. Akishindwa kusema, aoneshe kwa kidole. Jambo la dakika kumi litachukua saa nzima. Lichukue.

2. Mtafute aliyejifunza juzi

Shoga yangu anayefundisha darasa la tatu alinitangulia kidogo tu, na huyo ndiye aliyenitoa gizani. Bado alikuwa anakumbuka palipomsumbua. Yeye ndiye aliyeniambia, "Kiganja kilaze mezani kabisa, kidole peke yake ndicho kifanye kazi," na siku hiyo hiyo faili likafunguka. Yeye tena ndiye aliyenionesha kwamba kale kamshale kwenye kioo hubadilika sura, na kila sura ina habari yake: kakiwa mshale unachagua, kakigeuka kijiti unaweza kuandika, kakiwa kiduara kinachozunguka tulia, usibofye tena. Mtoto wa kaka yangu hakuwahi kunitajia kiduara. Nadhani hakioni.

Ujuzi wa shoga una mpaka wake. Printa ilipokataa kabisa kuitambua laptopu, tulikaa wawili tukitazamana, na hapo mtoto wa kaka alipigiwa simu kwa heshima zote. Nimewagawa hivyo: jirani wa kunifundisha, mtaalamu wa kunitengenezea.

3. Anza na kazi unayoijua kwa mkono

Wengi huanzishwa na michezo ya karata ili mkono uzoee. Binti yangu, ambaye ni mhasibu, alikataa. "Mama, lete orodha ya matokeo ya darasa lako."

Darasa langu lilikuwa na watoto zaidi ya themanini, masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Kwa mkono hiyo ni kazi ya kukesha: unajumlisha, unarudia kwa sababu jumla ya pili haikubaliani na ya kwanza, kisha unatafuta nafasi kwa kushuka na kupanda karatasi nzima ukimsaka anayefuata. Kwa hiyo aliponiambia niandike =SUM(C5:H5) kwenye mstari wa mtoto wa kwanza, hakuwa na haja ya kunieleza maana yake. Hesabu ile nimeifanya nusu ya maisha yangu. Akaniambia nitazame pembe ya chini ya kisanduku, upande wa kulia, pana kidoti cha mraba. Nikishike, nikivute mpaka kwa mtoto wa mwisho. Nikavuta, safu nzima ikajaa. Nikachukua karatasi yangu ya mkono nikahakiki mmoja mmoja, maana mimi si mwepesi wa kuamini. Zikalingana.

Utamu ulikuwa kwenye nafasi. Ukiandika =RANK(I5,I5:I90) na kuivuta chini vilevile, kompyuta inaisogeza na mipaka ya orodha. Mtoto wa pili analinganishwa na walio chini yake tu, wa tatu vivyo hivyo, na aliye mwisho wa orodha, awe na alama zozote, analinganishwa na nafsi yake na kutoka wa kwanza! Dawa ni alama za dola zinazoifunga mipaka isitembee: =RANK(I5,$I$5:$I$90). Wawili wakifungana nafasi ya tatu, anayefuata anakuwa wa tano, kama tulivyofanya siku zote kwa peni.

Hapo ndipo woga uliponitoka. Kompyuta ina haraka, lakini anayejua kwamba fulani hawezi kuwa wa kwanza ni mwalimu wa darasa. Ukianza na kazi ngeni, utayakubali majibu yote inayokupa. Ukianza na kazi yako, unaweza kubishana nayo.

4. Soma kilichoandikwa, usisimulie

Binti yangu yuko Dodoma, kwa hiyo masomo mengi yamepita kwa simu. Mazungumzo yetu ya mwanzo yalikuwa hivi:

"Imekataa."
"Imekataaje, Mama?"
"Imekataa tu."
"Kuna maneno kwenye kioo?"
"Yapo."
"Nisomee."

Hilo "nisomee" ndilo somo. Anayesaidia kwa mbali hana macho mengine zaidi ya yako. Mwalimu mwenzangu mmoja aliwahi kumpigia mwanawe kwa kihoro kwamba alama za darasa zima zimefutika. Picha ilipofika kwa WhatsApp, kila kisanduku kilikuwa na #####. Hizo alama za reli kwa kawaida zina maana moja: safu ni nyembamba, tarakimu hazienei. Unashika mstari kati ya herufi za juu, unaupanua, tarakimu zinarudi zote.

Basi piga picha ya kioo kizima, si kipande unachodhani ndicho chenye kasoro. Na kabla ya kutuma angalia kama majina ya watoto yanaonekana. Wazazi wao hawakukupa ruhusa ya kuyatembeza kwenye simu za watu.

5. Kioo chako kifanane na cha anayekusaidia

Kiswahili kimo kwenye lugha za Windows, na tangu mwaka 2004 ilikuwepo Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, iliyotokana na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mimi nafundisha kwa Kiswahili na ningependa kukitumia. Ila wote wanaonisaidia wanaijua ile ya Kiingereza, na maelekezo yao ni ya kutaja vitufe kwa majina. Nikibadili lugha nitabaki peke yangu. Silifurahii hilo, lakini kwa sasa kompyuta yangu inabaki ya Kiingereza.

6. Mdogo wako mpe ruhusa ya kukukosoa

Mwenye steshenari karibu na stendi nilimfundisha mimi kusoma na kuandika. Nikiingia tu, "Shikamoo, Mwalimu," anainuka kunipisha kiti, hata kama kuna foleni. Adabu ile ilinichelewesha sana. Nilikuwa napeleka barua kwenye flashi ili anichapie, na vichwa vya habari nimevisukuma katikati kwa kupigapiga kitufe cha nafasi. Yeye alikuwa ananyoosha kimyakimya, anachapa, ananikabidhi kwa mikono miwili. Kitufe cha kuweka maneno katikati kipo juu pale pale, lakini angewezaje kumwambia mwalimu wake kwamba hajui?

Nilipokuja kugundua, nilimwambia mbele ya wateja: "Hapa mwalimu ni wewe. Nikikosea, sema." Mara ya kwanza alisema huku akitazama chini. Siku hizi ananiambia waziwazi, "Mwalimu, hapana, rudi nyuma," na napenda anavyolisema.

Watu wazima wengi hudhani kikwazo ni kwamba vijana hawana subira. Wapo wasio na subira, kweli. Lakini katika malezi yetu wapo wengi zaidi wanaotuacha tupotee kwa sababu ya heshima. Anayepaswa kuifungua njia hiyo ni mkubwa. Mdogo hawezi kuifungua mwenyewe.

Na umlipe. Kijana wangu alikuwa hataki hela ya mwalimu wake, nami nilikuwa naiweka chini ya kibodi. Si kwamba mimi ni karimu kuliko wengine. Asiyelipa huuliza mara moja, akaona haya, akaondoka hajaelewa. Aliyelipa huuliza mpaka aelewe.

7. Nywila haina undugu

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Kwenye ESS mtumishi anaomba likizo, anaomba uhamisho, hata mkopo unapitia humo. Anayeingia kwa cheki namba yako na nywila yako, mbele ya mfumo ni wewe. Bado nawaona walimu wanaoacha vyote viwili vimeandikwa kwenye kipande cha karatasi kwa mtu wa kuwajazia, kisha karatasi inalala kwenye droo yake.

Binti yangu alinifundisha kila kitu, ila nywila yangu hakutaka kuiona. Tulipofika mahali pa kuandika nywila alikuwa anasema, "Mama, nageuka," na anageuka kweli. Mwanzoni niliona ni mbwembwe za wahasibu. Sasa nami nageuka.

Kuna mtego mwingine usioonekana mapema. Kijana wa kukujazia fomu, kwa haraka zake, anaweza kutumia barua pepe yake au namba yake ya simu. Fomu inapita, unashukuru, unakwenda nyumbani. Siku ukisahau nywila, ujumbe wa kuirejesha unakwenda kwake, naye pengine ameshahama mji. Wazazi wanaowaombea watoto mikopo ya chuo wanalijua balaa hili. Kabla ya kulipa, mwambie akuoneshe ukurasa wenye mawasiliano, na uusome mwenyewe.

Kichwa kikisahau, andika nywila kwenye daftari lako na ulifungie kabatini. Watakucheka. Waache wacheke, bora daftari lako kuliko kichwa cha mwenzako.

8. Umeme haupigi hodi

Laptopu nyingi tunazonunua ni za mtumba na betri zake zimeshakufa. Hifadhi kazi kwa Ctrl na S, kila baada ya aya moja. Nakala moja kwenye flashi, nyingine ujitumie kwenye barua pepe yako. Na flashi iliyozunguka shule zote za kata ikikuonesha folda zimegeuka njia za mkato, usiifute wala kuisafisha upya: mara nyingi kirusi kimeyaficha mafaili tu, hakijayala. Hiyo ni kazi ya mtoto wa kaka.

9. Kustaafu si njia ya kukwepa

Wapo wenzangu wanaohesabu miaka iliyobaki, wakisema watajaziwa hivyo hivyo mpaka siku ya kukabidhi chaki. Nawaelewa. Macho yanachoka, bando ni ghali, na inaudhi kuuliza jambo ambalo mjukuu analijua. Ila mjipange tu mapema, tafuteni mtu wa kukaa nanyi pembeni jioni moja moja, maana madai ya mafao kwenye PSSSF, mfuko wetu wa pensheni, nayo yanajazwa mtandaoni, na wakati huo hakutakuwa na ofisi ya walimu ya kuombea msaada.